Marimba Namba Moja

Shangazi alisimama mlangoni na kikombe changu cha chai mkononi, asinipe. Ndiyo tabia yake akiwa na jambo zito: anakushikia kitu chako mpaka amalize kusema.

“Leo ukumbuke wewe ni mtoto wa nani,” alisema.

“Shangazi, kuna pazia. Sitaona marimba ipi ni ya nani.”

“Utasikia. Wewe mlango wa uani ukifunguliwa tu unajua nani kaufungua. Leo utashindwa kuijua marimba ya baba yako?”

Nilinyoosha mkono nichukue kikombe, akakisogeza mbali.

“Na yule kijana naye kaleta ya kwake. Yule asiye na adabu. Nakwambia mapema, usije ukachukua tonge la baba yako ukampa mtu baki. Damu nzito kuliko maji.”

“Nipe chai yangu, itapoa.”

“Ikipoa si ndiyo vizuri? Baba yako hajakufundisha?” Akacheka peke yake, ndipo akanipa.

Huo utani wa chai ni wa nyumbani kwetu, lazima niueleze. Baba ni fundi wa marimba, zile kubwa za kwenye kumbi, zinazomeza nusu ya jukwaa. Kibao cha marimba hurekebishwa sauti kwa kukikwangua upande wa chini, tumboni. Kila unga unaodondoka, sauti inashuka kidogo. Tatizo ni kwamba ukikipitishia msasa kinapata moto, na kibao chenye moto ni mwongo. Kinatoa sauti ya chini kuliko sauti yake ya kweli. Fundi mwenye haraka atakipima hapo hapo, ataona kimefika, ataacha kukwangua. Kikishapoa sauti inapanda, na kazi yote imekwenda na maji. Kwa hiyo Baba ana sheria moja: kati ya msasa na kipimo, kikombe kizima cha chai. Kibao kimoja, kikombe kimoja. Ndiyo maana marimba yake huchukua miezi minane, na ndiyo maana choo cha karakana yetu hakipumziki.

Aliyeishika sheria hiyo vizuri kuliko wote ni huyo kijana asiye na adabu. Watu humwita Msasa, kwa sababu hakosi kipande cha msasa mfukoni, hata akienda harusini. Alikaa na Baba miaka saba, akajifunza kazi mpaka mkono wake na wa Baba ukawa mmoja. Mimi pia nilijifunza kitu miaka hiyo. Nilijifunza kwamba mtu anaweza kukuangalia mara moja tu, huku akipuliza unga kwenye kibao, na siku yako yote ikaisha hapo. Baba aliona, akafumba macho. Akaanza hata kumwita mkwe, kwa utani ambao sisi wawili hatukuuchukua kama utani hata kidogo.

Kisha masikio ya Baba yakaanza kuzeeka.

Hayakuzeeka yote. Sauti za chini anazisikia kama zamani. Ni zile za juu kabisa, vibao vidogo vya mwisho, vilivyoanza kumkimbia. Alikuwa anaviacha vimepanda kupita sauti yake ya haki, kidogo tu, kila kimoja zaidi ya mwenzake. Mimi kusikiliza ndiyo kazi yangu, nakagua vyombo vya muziki kwa ajili ya shule na kumbi, na nilisikia tangu siku ya kwanza. Sikusema. Baba akijilaza baada ya chakula cha mchana, naingia karakana, navikwangua, navirudisha mahali pake. Niliita huo upendo.

Sasa siku moja, miaka miwili iliyopita, mteja alikuja kabla sijapata nafasi ya kufanya wizi wangu huo. Baba akampigia marimba mpya kuanzia chini hadi juu. Msasa alikuwa amesimama pembeni. Akasema, kwa heshima zote, “Mzee, vya juu vimepanda. Tuvirudishe benchi.”

Baba aligeuka akaniangalia mimi.

“Mama,” alisema, maana ndivyo anavyoniita, “wewe unasikiaje?”

Mteja ananiangalia. Msasa ananiangalia. Na mimi, mwenye masikio yanayolipwa, nikasema, “Viko sawa, Baba.”

Msasa alifukuzwa kabla ya jioni. “Umenivua nguo mbele ya mgeni,” Baba alimwambia. “Na habari za binti yangu uziache hapo hapo mlangoni.” Aliondoka na kisanduku chake cha zana. Alipopita mbele yangu aliniangalia tu. Ni hilo jicho lililoninyima raha miaka miwili.

Basi ndiyo hali niliyoingia nayo ukumbini asubuhi hiyo.

Ukumbi ulikuwa unanunua marimba, na mafundi watatu walikuwa wameleta kazi zao. Mwezi mmoja kabla, msikilizaji mmoja wa kuzipima aliugua, Mkurugenzi wa ukumbi akaniita mimi. Nilimwambia ukweli: mmoja ni baba yangu, na mwingine... nikakwama. “Mwingine ni mtu unayemjua,” alinisaidia, mama yule, bila hata kuinua macho. “Ndiyo maana kuna pazia. Ila uape hutagusa chombo chochote mpaka siku yenyewe.” Niliapa. Mwezi mzima sikukanyaga karakana. Maana yake marimba ya Baba ilikwenda ukumbini na vibao vyake vya juu kama alivyoviacha yeye, na hakuna mwizi aliyevipitia.

Kucha nilizozitafuna mwezi huo zingejaza kikombe.

Niliingia kwa mlango wa nyuma, ule wa kushushia mizigo, ili nisikutane na mtu. Nikakutana naye. Alikuwa nyuma yangu, anapanda ngazi na mabomba ya mwangwi, yale ya shaba yanayoning'inia chini ya vibao, ameyakumbatia kifuani.

Tulisimama. Yeye ngazi ya chini, mimi ya juu, macho usawa mmoja.

“Masikio,” alisema. Hakuna mwingine anayeniita hivyo.

“Haturuhusiwi kuongea.”

“Basi usiongee. Sikiliza. Si ndiyo kazi yako?”

Nilitaka kukasirika, nikashindwa. Alikuwa amekonda. Macho mekundu, unga wa mbao mpaka kwenye kope, na ncha za vidole vyake zimelika kama sabuni ya mwisho wa mwezi. Nilitaka kumfuta zile kope kwa kidole changu. Nikaushika mkoba kwa mikono miwili ili mikono isinitoroke.

“Mbona umechoka hivyo?”

“Kazi.”

“Umekunywa chai?” Huo ulikuwa utani wetu wa zamani, yaani umeacha vipoe?

Akacheka, lakini akaangalia pembeni. “Nyingi mno. Nikitikiswa nasikika kama mtungi.” Kisha kicheko kikaisha. “Kesho saa moja asubuhi nasafiri. Kuna kiwanda cha vyombo vya muziki kimenikubali kazi.”

Nilishika ukuta. “Mbali?”

“Mbali kiasi cha kutosikia ukinyamaza.”

Aliyasema polepole, bila ukali, na ndiyo maana yakaniingia.

“Ulinitumia ujumbe kwamba utanisubiri,” nilisema.

“Nimekusubiri miaka miwili. Sikukusubiri uachane na baba yako, Masikio. Nani anataka hilo? Yule mzee ndiye aliyenifundisha hata kushika tupa. Nilikuwa nasubiri siku moja useme ulichosikia. Basi.”

“Ningemvunja.”

“Kwa hiyo ukanivunja mimi. Mimi kijana, nitaunganika.”

Juu yetu mtu alifungua mlango na kuufunga tena. Wote tulishtuka kama wezi.

“Sikuombi alama,” alinong'ona haraka. “Ukitaka nipe sifuri. Nakuomba leo uandike unachosikia. Kikipanda, andika kimepanda, kiwe cha yeyote. Karatasi zitasomwa mbele ya watu wote. Nikisikia umeandika, nitajua nina mtu wa kurudi kwake. Nikisikia ‘viko sawa’ nyingine, basi, nami nitakuwa sawa huko niendako.”

Alinipita. Bega lake liligusa langu, na harufu ile ya mti mwekundu ulioparuliwa ikabaki kwenye ngazi. Nilikaa chini kidogo.

Tuliwekwa watatu, mbali mbali, kila mmoja na meza na kalamu: mimi, mwalimu wa kwaya, na mpiga kinanda mmoja mstaafu aliyekuwa anasinzia kabla hata hatujaanza. Pazia zito lilifunika jukwaa. Nyuma ya pazia mpigaji mmoja angepiga marimba zote tatu kwa mikono ile ile na vijiti vile vile: kwanza kibao kimoja kimoja kutoka chini hadi juu, kisha mtetemo wa polepole, vijiti viwili vikipishana juu ya kibao, kisha kipande cha muziki. Kiyoyozi kilikuwa kimewashwa tangu asubuhi na ukumbi ulikuwa baridi. Mimi nilikuwa natoka jasho.

“Marimba namba moja,” Mkurugenzi alitangaza.

Kibao cha kwanza kikapigwa, cha chini kabisa, na nikaijua nyumba niliyozaliwa. Sauti ilitoka pana, ikakaa, ikachukua muda wake kuondoka. Sauti nzuri ya chini ina nyingine ndani yake, ndogo, oktava mbili juu, inayong'aa kama sarafu ndani ya kisima. Ikiwa fundi ni hodari, ile ndogo haigombani na kubwa. Hapa zilikuwa zinapatana kama ndugu. Mabomba yaliitikia bila kupiga kelele. Vibao vya katikati vilikuwa laini hata mwalimu wa kwaya alifumba macho.

Ni mkono wa Baba, niliwaza. Au wa mtu aliyefundishwa na Baba. Sikiliza juu, nilijiambia. Juu ndiko nitakakojua.

Mpigaji akapanda. Kimoja safi. Cha pili safi. Nikaanza kupumua. Cha tatu kikapanda.

Kikapanda kweli. Kilichofuata nacho. Kisha kingine, zaidi. Mpiga kinanda mstaafu alizinduka usingizini na kukunja uso.

Nilijua. Loo, nilijua. Niliwahi kuvikwangua vibao hivyo hivyo Jumapili ngapi? Nilimwona Baba akilini, nyuma ya lile pazia, na koti lake la pekee, mikono nyuma, akisikiliza kazi yake na kuisikia nzuri yote.

Karatasi ilikuwa mbele yangu. Mstari mmoja mweupe: vibao vya juu, maoni. Mkono ulianza kuandika wenyewe. Uliandika V, ukaandika i, ukaandika k. Viko sawa. Maneno mawili tu, na jioni ningekula na Baba mezani na Shangazi angenisifia. Nikatazama zile herufi tatu kwa muda nisioujua.

Nikazikata. Nikaandika: *Vimepanda, si kimoja. Fundi huyu hasikii tena sauti za juu. Aambiwe.*

Nilipoweka nukta, machozi yalidondoka juu ya neno la mwisho. Nikalifuta kwa kiganja, likachafuka, likasomeka bado.

Namba mbili sikumbuki vizuri, na naomba radhi kwa fundi wake. Ilikuwa na sauti kubwa, safi, fupi, kama mtu anayejibu kila swali kwa ndiyo na hapana. Nikaipa alama zake za haki.

Namba tatu ilipoanza, chini kulikuwa na ule ule mkono. Sasa sikuwa na shaka. Hii ndiyo ya Msasa. Nilisikiliza kama mtu anayesomewa barua. Ilipanda, ikapanda, nami nikapanda nayo nikiwa nimeshika ukingo wa meza, mpaka vibao vya mwisho kabisa vile vidogo. Safi. Vyote kumi na viwili, mpaka cha mwisho kilichotoa sauti ndogo, kavu, ya kweli. Kuna upweke katika kusikia kazi nzuri namna hiyo na huwezi kumgusa mtu begani ukamwambia, umesikia? Nikaandika alama tisa kati ya kumi. Nilimpenda sana wakati ule. Na nilijichukia, kwa sababu kwa kalamu moja nilikuwa nimempandisha yeye na kumshusha baba yangu mzazi.

Karatasi zilikusanywa. Mafundi na jamaa zao wakaitwa. Shangazi alikaa mstari wa mbele na mkoba wake mapajani, akanipungia vidole viwili kama tumeshashinda.

“Fungueni pazia,” Mkurugenzi alisema.

Pazia likafunguka, na kila fundi alikuwa amesimama kando ya chombo chake.

Baba alikuwa amesimama kando ya namba tatu.

Nilihesabu tena, kutoka kushoto, halafu kutoka kulia, kama mtoto. Kando ya namba moja, kichwa kimeinama kidogo, unga bado kwenye kope, alikuwa Msasa.

Mkurugenzi alianza kusoma. Sauti yake ilikuwa inanifikia kutoka mbali. “Namba moja. Vibao vya chini, sifa tupu. Vya juu, wasikilizaji wote watatu wamelalamika. Mmoja ameandika...” Akarekebisha miwani. “Ameandika, ‘Fundi huyu hasikii tena sauti za juu. Aambiwe.’”

Watu walicheka. Fundi mwenyewe hajatimiza miaka thelathini na mitano, mtu anamwandikia uziwi wa wazee! Msasa hakucheka. Aliinua kichwa, akanitafuta mpaka akanipata, na uso wake ukafanya kitu ambacho sikukitarajia kutoka kwa mtu aliyeshindwa. Ukafunguka. Alikuwa amelielewa kila neno, na alijua liliandikwa kwa ajili ya nani.

Mtu wa pili ambaye hakucheka alikuwa Baba.

Namba tatu ilishinda. Shangazi alipiga kigelegele kimoja akakikatisha, akikumbuka kwamba yupo ukumbini. Baba aliitwa mbele. Alichukua kipaza sauti, akakishika mbali na mdomo kama anashika panya.

“Mama Mkurugenzi, ahsante. Lakini vibao kumi na viwili vya juu si mkono wangu,” alisema. “Ni mkono wa huyu hapa.” Akamwonyesha Msasa. “Mimi vya juu sisikii vizuri siku hizi. Alishaniambia mbele ya mgeni, nikamfukuza. Leo nasema mbele ya wageni.”

Kisha Mkurugenzi akasema, “Mzee, sisi tulipima chombo. Hatukupima mkono.” Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimeshatoka.

Walinikuta kwenye chumba cha kuhifadhia vyombo, katikati ya viti vilivyopangwa juu ya viti. Msasa alikuja kwanza, akasimama karibu na mlango. Nyuma yake Baba. Nyuma ya Baba, Shangazi, ambaye hakualikwa na hajawahi kuhitaji kualikwa.

“Ilikuwaje?” nilimuuliza Msasa. “Vyako vimepandaje? Wewe?”

Alikuna shingo. Baba ndiye aliyejibu.

“Nilimpelekea vibao vyangu siku nne zilizopita, nimevifunga kwenye blanketi. Nikamwambia, nisikilizie. Sikumwambia hata samahani. Akaondoa kazi yake benchi akaweka yangu.”

“Siku nne?” nilisema.

“Vya Mzee vilikunywa chai vyote,” Msasa alisema. “Kimoja kimoja. Nilipomaliza, ilibaki alasiri moja tu ya vyangu.”

“Ukavipima vikiwa na moto.”

“Nilivipima vikiwa na moto.”

“Mpumbavu!” Baba alifoka, na macho yake yalikuwa yamejaa maji. “Miaka saba nakufundisha. Ungeniambia huna muda!”

“Ungeviacha, Mzee?”

Baba alijifuta macho kwa mkono wa koti. Sasa nilielewa kwa nini vile vibao vilikuwa vinarukaruka, kimoja zaidi, kingine kidogo, wakati vya Baba hupanda kwa mpangilio kama ngazi. Ningekuwa na utulivu ningesikia. Hofu nayo huziba masikio.

Baba alivuta kiti kimoja, akakaa mbele yangu. Alikuwa ameomba ile karatasi. Aliifungua juu ya goti.

“Huu mwandiko naujua,” alisema. “‘Aambiwe.’ Uliandika ukidhani ni marimba ya nani?”

Shangazi aliingilia, “Kaka, mambo ya kazi hayo, mwache mtoto.”

“Nimemuuliza yeye.”

Nilitamani sakafu inimeze. Nilimtazama Msasa, hakunisaidia hata kwa ukope. Alisimama tu, akingoja, kama alivyongoja siku ile.

“Nilidhani ni yako, Baba.” Niliikazia macho ile karatasi. “Siku ile alisema kweli. Vilikuwa vimepanda. Nilisikia, nikakudanganya. Na kabla ya hapo, na baada ya hapo, nilikuwa naingia karakana ukiwa umelala, navikwangua.”

“Najua.”

“Unajua?”

“Masikio yangu yamezeeka, macho bado. Mimi nikilala sakafu nimefagia. Nikiamka nakuta unga chini ya benchi.” Aliikunja karatasi mara mbili. “Unadhani siku ile nilikuuliza kwa sababu gani? Nilishaanza kujishuku, Mama. Nikasema, kuna mtu mmoja hawezi kunificha. Nikakuuliza wewe. Ukasema viko sawa, nikakuamini, nikamfukuza mtoto wa watu. Nilipouona ule unga nikajua. Lakini nitamrudishaje bila kusema binti yangu ni mwongo? Nikakungoja. Kila Jumapili nilikuwa najilaza macho wazi, nakusikiliza unakwangua, nasema labda leo ataniambia.”

Niliinama nikaweka uso kwenye magoti yake. Nililia vibaya, bila mpango. Alinipapasa kichwa kwa mkono wake mgumu.

“Kumbe mimi peke yangu ndiye kiziwi wa familia hii!” Shangazi alisema, akitafuta leso ndani ya mkoba. “Wote mnajua, wote mmenyamaza, mimi nawapikia tu!”

Msasa alicheka. Baba pia, kidogo, kwa pua. Kisha akanyanyuka na kumgeukia.

“Vile vibao vyako virudi benchi. Kwangu, siyo kwako. Kesho saa moja asubuhi, na uje hujanywa chai. Utakunywa na sisi.”

Msasa alitazama viatu vyake. “Saa moja nina safari, Mzee. Nimeshawapa neno.”

Nyuma ya ukuta mtu alikuwa anaijaribu marimba mpya ya ukumbi, kibao kimoja kimoja, akielekea juu. Nilimwona Msasa anaangalia mlango, na mkono wake umeingia mfukoni ukishika kile kipande cha msasa. Nilijua nikinyamaza ataondoka. Angeondoka kwa heshima, bila lawama, na tungekuwa sawa, sote.

Baba aligeuka polepole akaniangalia, kama alivyogeuka miaka miwili iliyopita.

“Mama,” alisema, “wewe unasikiaje?”

Nilisimama. Pua inatiririka, uso umevimba, mbele ya baba yangu na shangazi yangu.

“Nasikia hataki kwenda, Baba,” nilisema. “Na mimi sitaki aende. Nataka anioe.”

Mkoba wa Shangazi ulianguka chini. Msasa aliufunika uso kwa mikono yake iliyolika, na mabega yake yakaanza kutikisika. Baba aliinamisha kichwa upande mmoja, vile anavyofanya akingoja sauti ya kibao iishe yote hewani kabla ya kuamua.

“Hapo sawa,” alisema, akaenda kutafuta blanketi lake la kubebea vibao.